Pawa ya Baba

Vijana mlionirithi kaunta, mmeniomba niwaandikie namna ya kumchagulia mteja pawa ndogo ya nyumbani, kwa sababu, mnasema, siku hizi wateja wanarudi wakinung'unika. Mungu wangu. Wateja wananung'unika! Nimeuza vifaa vya shamba mjini Kisii tangu ujana wangu hadi nilipoanza kuvaa miwani ili nitafute miwani, na kumbe nimestaafu kabla ya kuiona ajabu kama hiyo.

Kuhusu cheo na mshahara sitasema kitu. Vyote viwili vilikuwa vifupi, na kuvirefushia maneno sasa kungekuwa kuvionea. Nitaanzia siku ya kwanza.

Nilifika dukani na Kiswahili kilichotoka shuleni kikiwa kimepigwa pasi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mkulima wa Nyansiongo, mwenye buti za tope na shamba la ng'ombe wa maziwa. Akauliza, "Muko na pawa?" Nikamjibu kwa fahari, "Unamaanisha msumeno wa mnyororo, mzee?" Akanitazama kwa huruma. "Mnyororo niko nayo. Mbwa pia niko nayo. Nataka pawa." Kicheko kikalipuka chumba cha nyuma, na mpaka leo mvua ya mchana ikianza kupiga mabati ya Kisii, nakisikia. Kilikuwa kicheko cha Fundi Ochieng'. Tangu siku ile nimesema pawa, na msumeno wa mnyororo nimewaachia watunga mitihani.

Mteja wa pili hakununua. Aliniuliza mwenye duka ako wapi. Nikasema hayuko. Na fundi? Ana kazi. Akavuta kiti, akaketi. "Basi nitangoja mwanaume yeyote."

Fundi alikuwa mtu wa upande wa ziwa. Alikuja Kisii kutengeneza mashine moja kisha arudi kwao. Mashine ilipona, yeye akabaki, na kila Desemba alitangaza kwamba huo ndio mwaka wake wa mwisho. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa oili, na masikio yake yaliweza kusikia cheni butu ikiletwa kutoka stendi. Kwa Ekegusii, lugha ya Kisii, alijua salamu, shukrani na tusi moja, na alijivunia yote matatu kwa kiasi kilekile. Mimi aliniita nyara, neno la Kijaluo la binti yangu, na funzo lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nyara, mteja akikuuliza nguvu, usimjibu. Mpe ashike kwanza."

Nilidhani ni utani. Kesho yake akaja mfanyabiashara wa ndizi kutoka Nyacheki, akataka pawa kubwa kuliko zote ili akate tawi la mparachichi. Tawi moja. Fundi hakubisha. Akamtolea ile kubwa, akamwambia, "Nishikie hapo, mbele ya kifua, kidogo tu, nitafute kifuniko chake." Kisha akaenda kutafuta kifuniko. Akapitia kwenye chai. Akakuta habari kwenye redio. Mteja alisimama katikati ya duka mikono imenyooshwa mbele, na kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, hakuweza kuiweka chini. Mabega yakaanza kuongea. Fundi aliporudi na kifuniko, yule bwana alikuwa anatokwa na jasho akisema kwa upole, "Hiyo ndogo pia, inakata?"

Hiyo ndiyo siri yote, vijana. Mti haukatwi na nguvu ya injini peke yake. Unakatwa na mtu mwenye mikono miwili na mgongo mmoja, na mgongo ukikatika hatuna spea yake. Wahenga walishasema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini wahenga hawakuwahi kusimama kwenye kaunta Kisii siku ya soko.

Basi sikilizeni, kwa kuwa najua mtaruka sehemu hii. Mtu wa nyumbani anayekata kuni, anayepunguza matawi, anayeondoa mti ulioangushwa na upepo njiani, anatosheka na pawa ambayo bapa lake, lile la chuma linalozungukwa na cheni, ni la inchi kumi na mbili au kumi na nne. Bapa refu hurefusha sifa, na pia hurefusha ile ncha ambayo ikigusa mti vibaya huirusha mashine kuelekea uso wa mwenyewe. Mwambieni mteja hivyo kabla hajalipa. Akicheka, mwambieni tena. Mwonyesheni breki ya cheni na mumwache aibonyeze mwenyewe. Mpeni avute kamba ya kuwashia mbele yenu, maana kamba inayomshinda dukani haitamhurumia shambani. Ile ya betri ni tamu, haina kelele, na inamfaa mwenye ua mdogo na stima isiyo na visirani. Kama stima ya kwake huja kama mgeni wa heshima, muuzieni ya petroli, na mumwambie petroli inachanganywa na oili, na cheni ina oili yake, na hizo oili mbili si ndugu. Niliwahi kupokea pawa iliyotiwa mafuta ya kupikia. Ilinukia mandazi hadi jioni.

Na tupa. Msimuuzie mtu pawa bila tupa ya mviringo na bila kumfundisha kuitumia. Cheni kali hutema chembe nene. Cheni butu hutema unga, na mwenyewe hutema maneno. Kuna bwana wa Keroka aliyekuja akipiga kaunta ngumi: "Hii pawa yenu haikati! Inapiga mti pasi!" Fundi akaitazama kwa jicho moja. Bwana alikuwa amevua cheni kuisafisha, kisha akaivalisha nyuma mbele, meno yakatazama yalikotoka. Fundi akamwambia taratibu, "Mashine ni nzima, ndugu yangu. Inarudi nyumbani tu."

Sasa niwaeleze juu ya pawa ya baba.

Mimi ni Msabato, na Jumamosi dukani kwetu ilikuwa ya Fundi peke yake. Jumamosi moja, mimi nikiwa kanisani nikiimba, simu ya duka ikalia. Alikuwa kijana anayeitwa Moseti, mzaliwa wa Manga anayefanya kazi Nairobi. Fundi akaipokea kwa salamu yake ya fahari: "Bwakire!" Moseti akafurahi, akajua amempata mtu wa kwao. Akasema anataka pawa ya baba. Baba anakaa peke yake nyumbani, anasumbuka na kuni na matawi. Wamchagulie nzuri.

Fundi alichagua. Aliniambia baadaye kwamba alimwona kabisa huyo mzee akilini mwake: mzee wa Manga, kifua kama mlango, mikono iliyopasua mawe. Akamfungia pawa ya kuangushia misitu, bapa lake refu kama koo la twiga, akaipandisha kwenye boda boda ikapelekwa alasiri ileile.

Mngekuwa mmezaliwa kwetu, mngekuwa mmeshashika vichwa. Kwa Ekegusii baba ni mama. Yule mwanaume tunamwita tata. Mtoto wa Kisii hata akifika mbali namna gani, akianza kusema juu ya aliyemzaa, Kiswahili huteleza na neno la jikoni hutoka lenyewe. Ningekuwa dukani ningeuliza swali moja tu. Lakini nilikuwa nyumbani mwa Bwana.

Jumapili asubuhi simu ya duka, ambayo ilikuwa imenirudia, ikaita. Sauti ya mama mtu mzima, kwa Ekegusii cha pole pole:

"Mwanangu, wewe ni wa duka la pawa?"

"Ndiyo, baba."

"Nilimwomba mtoto wangu mbuzi. Mmeniletea fahali."

Alikuwa Mama Moseti, mjane. Kuivuta kamba hakuweza. Kuinyanyua aliweza, ila kuiweka chini bila kujikata mguu hakuwa na hakika. Hilo si lililomfanya apige simu. "Shemeji yangu ameiona," akasema. "Ombati. Amesema hii ni ya wanaume, na kesho akimaliza chai anaanza kuangusha miti."

Alinieleza kwa maneno machache, na mimi ni wa huku, nikayaelewa mengine. Chini ya shamba lake la majani chai palikuwa na mstari wa miti ya bulugamu, yaani mikaratusi, aliyopanda marehemu mumewe. Siku za shida mama huuza mti mmoja uwe kuni za kiwanda cha chai, kisiki kinachipua tena, maisha yanaendelea. Ombati alikuwa akiitaka miti ile yote kwa mbao za nyumba yake. Kwetu kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeisahau: kuni ni za mwanamke, mti ni wa mwanaume. Kilichokuwa kinamzuia Ombati miaka yote hakikuwa aibu. Hakuwa na pawa. Na sasa duka letu, kwa moyo wa kuhudumia, lilikuwa limempelekea moja hadi mlangoni.

Jumatatu nilipanda Manga kwa boda boda, pawa ya inchi kumi na mbili ikiwa katika katoni mapajani. Ukungu ulikuwa unajitoa bondeni polepole, kama mtu anayeondoka matangani bila kutaka kuaga, na miti ile niliiona kabla sijaliona boma: mirefu, myeupe ya shina, ikiyumba pamoja. Chini yake palikuwa na kaburi la saruji lililopakwa chokaa. Nikadhani ni la mume. "Hilo ni la mama mkwe," akasema Mama Moseti, akinipokea katoni. "Mama yake Ombati. Aliomba alale kivulini." Alikuwa mwembamba, amevaa gamubuti na koti la mwanaume lililomzidi. "Akiangusha yote, mwanangu, nitabaki na visiki na shemeji."

Ombati alikuwa uani, na ile kubwa miguuni pake, na mtungi wa petroli kando.

"Karibu, mtu wa duka," akasema. "Mumechelewa. Kazi inaanza sasa."

"Kazi gani, mzee?"

"Kuangusha. Yote."

"Na pawa ni ya nani?"

"Si imetumwa na Moseti? Mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Kitu ya mtoto wangu ni yangu. Hiyo hata shule haifundishi, ni kitu inajulikana."

Sikubishana. Njiani, upande wa juu wa ua, wanawake waliokuwa wakipeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia walikuwa wamesimama na vikapu vyao mgongoni, maana hakuna kitu kinachosimamisha watu Manga kama mgeni mwenye katoni. Nikamkumbuka Fundi, na sauti yangu ikawa laini kama siagi.

"Ni sawa kabisa, mzee. Lakini kabla hujaiwasha lazima niangalie namba yake, isije ikawa na hitilafu ikakuumiza mtu muhimu kama wewe. Nishikie hapo mbele ya kifua. Mikono inyooke. Kidogo tu."

Akaishika. Mwanaume gani angekataa, wanawake wanatazama?

Nikatafuta miwani katika mkoba. Haikuwemo. Nikaitafuta mfukoni. Nikamuuliza Mama Moseti kama kuna chai. Akanitazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama huyu hahitaji kuelezwa jambo mara mbili.

"Chai iko," akasema. "Maziwa ndiyo bado kuchemka."

"Tutangoja tu."

"Namba haijaonekana?" akauliza Ombati.

"Herufi nimeziona, mzee. Zimebaki tarakimu."

"Hebu harakisha."

"Omogaka," mmoja wa wale wanawake akamwita kutoka juu, kwa heshima yote anayopewa mzee, "mbona hiyo kitu inatetemeka na haijawashwa?"

Vicheko vikateremka kama maji. Ncha ya bapa ilikuwa imeanza kuandika hewani. Ombati alikaza taya, akakaza shingo, na alipokuwa hana kingine cha kukaza, akaiweka chini kwa kishindo.

"Hii mashine yenu imeharibika," akasema akihema. "Ni nzito."

"Pole sana, mzee. Kosa ni letu. Nitairudisha leoleo."

Nikaifunga kwenye katoni yake iliyojia kabla mabega yake hayajapoa, dereva wa boda boda akaikalia. Kisha nikatoa ile ndogo. Mama Moseti akaishika mbele ya kifua, nami nikanywa chai yangu yote, maana maziwa kumbe yalikuwa yamechemka, na mikono yake haikusema neno. Nikamfundisha pale pale: miguu upana wa mabega, mikono yote miwili daima, ncha isiguse kitu, usikate kitu kilicho juu ya bega lako, na ukichoka zima, mti haukimbii. Nikampa glavu na miwani ya kinga. Ikawaka kwa mvuto wa tatu. Aliruka nyuma kidogo, akacheka kama msichana, akaiingiza katika tawi kavu lililokuwa limelala nyuma ya jiko tangu mvua zilizopita. Chembe nene, nyeupe, zikamwagika juu ya gamubuti zake, na harufu ya bulugamu ikapanda uani kote, kali na tamu, ile harufu ambayo tangu nistaafu huniamsha nikidhani nimechelewa kazini.

Ombati alikuwa bado hajaondoka. "Hako?" akasema. "Hako ni ka kunyolea ndevu."

"Ndiyo, shemeji," akajibu Mama Moseti. "Basi hutakaazima."

Naye hakuweza kukaazima, si siku ile wala nyingine. Angeonekanaje, mwanaume mzima wa Manga, akipita njiani na kitu kama hicho? Pawa kubwa huhama nyumba. Hukopwa na shemeji, na jirani, na mwenyekiti wa kanisa, na hairudi ila kudai spea. Ndogo hukaa kwa mwenyewe, inalindwa na majivuno ya wengine. Na kwa kuwa ilikuwa ya kuni tu, na kuni ni za mwanamke, hakuna mzee aliyepata la kusema. Sikuona haja ya kumweleza Ombati kwamba pawa ya inchi kumi na mbili, mtu akiwa na subira na akikatia pande zote mbili, huangusha bulugamu bila shida siku mama anapotaka kuuza mmoja. Hakuuliza.

Niliporudi dukani nilimweleza Fundi kwamba baba ni mama. Akapitisha tupa mara mbili kwenye cheni.

"Na baba mwenyewe?"

"Ni tata."

"Watu wa Kisii," akasema, "hata wazazi mmewageuza. Ndiyo maana cheni zenu huja zikiwa nyuma mbele."

Lakini tangu siku hiyo hakumuuliza mteja tena pawa ni ya nani. Aliuliza, "Atakayeishika ni nani?" Lichukueni swali hilo. Halina lugha, na linawafaa Wagusii na Wajaluo na hata watu wa Nairobi.

Desemba moja Fundi alitangaza kama kawaida, na mara hii akaenda kweli. Aliniachia tupa yake, imelika hadi kung'aa, na lile tusi, ambalo sikuhitaji. Nikabaki na kaunta. Wateja wakaendelea kuuliza mwenye duka ako wapi.

Juma langu la mwisho kazini, mvua ya mchana ikiwa imewakimbiza watu wote hadi barazani kwetu, akaingia mzee akipangusa viatu kwa muda mrefu kuliko tope lilivyohitaji. Mvi zilikuwa zimemwingia, lakini shingo ile niliikumbuka. Akatazama nyuma. Akatazama rafu. Kidole chake kikapita juu ya zile kubwa zote bila kusimama.

"Hiyo," akasema chinichini. "Hiyo ndogo."

"Shika kwanza, mzee. Kidogo tu."

Akaishika mbele ya kifua. Nikaenda kutafuta kifuniko. Nilikipata upesi, kwa heshima ya mvi. Haikutetemeka.

"Inakufaa. Shambani kwenu bado kuna ile miti ya Mama Moseti?"

"Iko," akasema kwa uchungu. "Yote. Na hata tawi moja la kuni hanikatii. Ati ninyoe ndevu kwanza."

"Na hii sasa, atakayeishika ni nani?"

Ombati akageuka kutazama kama kuna mtu wa kwao barazani. Walikuwapo watano. Akainama karibu nami.

"Si yangu," akanong'ona. "Ni ya baba."

Nikaliona lile kaburi la chokaa la mama yake chini ya bulugamu, na kivuli kikipita juu yake taratibu. Nikachukua kalamu, nikamwandikia risiti bila kucheka. Hilo, vijana, ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi yetu, na hakuna pawa inayosaidia.